Kazi Ikiuhama Mji: Somo Juu ya Vijiji Vinavyoizunguka Mombasa

Msomaji aliyepata kufika Mombasa kwa basi kutoka bara hana budi kuijua Mwembe Tayari. Kwa miaka mingi mabasi ya Nairobi yalikuwa yakiwateremsha abiria hapo alfajiri, na hapo ndipo wachukuzi, wauza kahawa na wauza madafu walipomlaki mgeni kabla hajapata hata kunyosha miguu. Wazee husema kwamba jina la mahali hapo limetokana na mwembe ambao chini yake misafara ya bara ilikuwa ikikusanyika: mizigo ikafungwa, watu wakahesabiwa, na mkuu wa msafara akauliza kama wote wako tayari. Iwe ni kweli au ni hadithi tu, jina lenyewe linapafaa sana, maana tangu zamani Mwembe Tayari ni mlango ambao kwao watu hutoka na kuingia. Karibu na hapo, katika barabara ya Jomo Kenyatta, zimesimama sanamu za askari zinazowakumbusha wapitao Waafrika waliotumika katika vita vya 1914 mpaka 1918. Wengi wao walitoka vijijini, nao hawakurudi.

Katika somo hili hatutaeleza habari za Ngome ya Yesu wala za vichochoro vya Mji wa Kale, kwa kuwa hizo zimeandikwa mara nyingi. Twataka msomaji aupe mji mgongo, atazame upande yanakokwenda magari: Changamwe, Jomvu, Miritini, Mazeras, Rabai, Mariakani, na ng'ambo ya kaskazini, Kisauni na Bamburi. Vijiji na miji hiyo midogo imeubeba mji mkubwa kama vile miguu ya kitanda inavyombeba mtu aliyelala. Mtu huyo huota ndoto zake asiikumbuke miguu, mpaka siku mmoja utakapovunjika. Nalo swali letu ni hili: kazi kubwa iliyoukuza mji ikiondoka au ikibadilika, ni nani anayelipa deni linalobaki nyuma?

Ili swali hilo lieleweke vema, inafaa twende kwanza mbali, katika nchi ambako jambo hili limeonekana kwa ukubwa wake wote. Upande wa magharibi wa Ujerumani kuna mto uitwao Ruhr, na karibu nao uko mji wa Essen. Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita Essen ulikuwa mji mdogo uliozungukwa na vijiji vya wakulima. Mwaka wa 1811 Friedrich Krupp alianzisha hapo kiwanda cha kutengenezea chuma cha pua. Kwa kuwa chini ya ardhi ile makaa ya mawe yalikuwa tele, mashimo yakachimbwa, matanuri yakajengwa, reli zikatandikwa, na vijiji vikamezwa kimoja baada ya kingine, hata mgeni apitaye asiweze kutambua mji mmoja unakoishia na mwingine unakoanzia. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka Polandi, kutoka Italia na kutoka Uturuki. Kisha makaa ya nchi nyingine yakawa rahisi kuliko yao, na mafuta yakachukua nafasi ya makaa. Shimo la Zollverein, lililokuwa moja katika yale makubwa kabisa ya Essen, lilifungwa mwaka wa 1986. Shimo la mwisho la makaa ya mawe magumu katika Ujerumani nzima, lililokuwa katika mji jirani wa Bottrop, lilifungwa mwezi wa Desemba 2018.

Mtu aweza kudhani kwamba shimo likifungwa habari yake imekwisha. Sivyo. Ardhi iliyochimbwa chini kwa miaka mingi hutitia, na katika nchi ile mahali pengine imeshuka kwa mita nyingi, hata maji ya vijito hayawezi tena kwenda yenyewe kwa mteremko wake wa asili. Hayana budi kuvutwa kwa pampu usiku na mchana, ama sivyo mitaa ya watu itageuka ziwa. Wajerumani wameyapa madeni hayo jina lenye maana ya mizigo ya milele. Nao walijua mapema kwamba kampuni isiyochimba tena haitakuwa na mapato ya kulipia pampu. Basi mwaka wa 2007, mashimo ya mwisho yalipokuwa yangali yakifanya kazi, uliwekwa mfuko maalum ambao faida ya fedha zake itazilipia pampu hizo kwa vizazi vijavyo. Huo ndio mfano tutakaouchukua mfukoni tunaporudi kwetu.

Mombasa haikupata kuwa mji wa machimbo ya makaa. Msomaji akisafiri kutoka Mazeras kwenda Mariakani na mbele yake Maji ya Chumvi, ataona mawe ya mchanga ulioshikamana. Wajuzi wa mawe wasema kwamba hayo ni ya jamii moja na ya zama moja na yale yaliyobeba makaa ya mawe huko Hwange katika Zimbabwe, na katika bonde la Ruhuhu, kusini ya Tanzania. Lakini upande wetu haukujaliwa makaa ya kutosha kuchimbwa. Tulichojaliwa ni mawe yenyewe. Mafundi wa Mazeras huyapasua kwa nyundo na patasi yakawa vibamba bapa, na vibamba hivyo hupakiwa katika malori kwenda kusakafia nyua na baraza za watu hata Nairobi. Ni kazi ya jua kali na vumbi, na anayekanyaga jiwe hilo mlangoni pa nyumba yake ni nadra kuuliza limetoka wapi.

Mji wetu, basi, ulikuzwa na bandari na reli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na ziwa la Viktoria mwaka wa 1901. Chuma chake chote kililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Hata vile vichwa vya gari la moshi vilivyokuja miaka ya 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, viliundwa katika mji wa Manchester. Vilikuwa 34, na kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252. Wakazi wa Changamwe na Mazeras wenye umri wao huikumbuka sauti yake kilipokuwa kikipanda mlima usiku na shehena ya mabehewa nyuma. Mmoja wa milima hiyo, Gelai, jina lake bado limo juu ya kichwa kilichohifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi.

Lakini chuma hakipakii wala hakipakui chenyewe. Katika bandari ya Kilindini, ambayo magati yake ya kwanza ya maji ya kina yalianza kutumika mwaka wa 1926, mizigo ilichukuliwa kwa mabega ya watu, nao wengi walikuwa vibarua. Neno hilo lenyewe lina historia: kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya siku. Baadaye cheti kikaipa jina kazi, na kazi ikampa jina mtu. Kibarua wa zamani hakuwa mtu wa mji mtupu. Alikuwa na shamba la mihogo na minazi Rabai, au Kwale, au Kaloleni. Alipotaka fedha za kodi au za mahari alishuka Kilindini akafanya kazi siku kadhaa, kisha akarudi kwake. Waajiri walimwita mvivu kwa sababu hiyo. Mwandishi wa somo hili haoni uvivu hapo; aona hesabu ya mtu aliyejua kwamba mshahara wa siku usingemlisha yeye na jamaa zake, na ya kuwa shamba ndilo lililoziba pengo. Kwa maneno mengine, kijiji ndicho kilichokuwa kikiilipia bandari nusu ya mshahara wa kuli wake, bila ya kuombwa wala kushukuriwa.

Ukweli wa maneno haya ulionekana mwezi wa Januari 1947, wafanyi kazi wapatao 15,000 wa Mombasa walipoacha kazi zao kwa siku kama kumi na mbili. Bandari ilinyamaza, reli ikanyamaza, mahoteli yakakosa wapishi. Wagomaji walikuwa wakikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na mmoja wa viongozi wao alikuwa Chege Kibachia. Baada ya mgomo Serikali iliweka baraza la kuamua chini ya Jaji Thacker, na mishahara ikaongezwa. Mwaka wa 1955 makuli waligoma tena, na kijana Tom Mboya akaja kusaidia kuwatafutia mapatano. Katika miaka hiyo wakubwa wa bandari walikata shauri kwamba afadhali wawe na watu wachache wa kazi ya kudumu kuliko vibarua wengi wa kuja na kwenda. Jambo hilo lilikuwa na heri yake, maana mwenye kazi ya kudumu alipata mshahara wa mwezi na nyumba. Lakini mtu wa Rabai aliyekuwa na mguu mmoja shambani na mmoja gatini alilazimika kuchagua, na aliyechagua shamba aliukuta mlango wa bandari umefungwa nyuma yake.

Sasa na tupande gari, tuvuke Makupa. Zamani hapo palikuwa na tuta la kupitia baharini, na mwaka wa 2022 lilijengwa daraja jipya ili maji yapate kupita tena chini yake. Mahali pa kwanza ni Changamwe. Wachangamwe ni mojawapo ya Thelatha Taifa za Mombasa, pamoja na Wakilindini na Watangana, kwa hiyo mahali hapo si kitongoji cha jana. Ila sura yake ya leo imetokana na kazi. Mwaka wa 1963 kilianza hapo kiwanda cha kusafishia mafuta, nacho kilipanuliwa mwaka wa 1974. Mafuta yasiyosafishwa yaliletwa kwa meli, yakapikwa katika minara ya kiwanda, yakatoka petroli, mafuta ya taa, dizeli na lami. Yaliyosafishwa yalienda Kenya nzima na nchi jirani, na tangu 1978 yalipitishwa katika bomba la chini ya ardhi mpaka Nairobi. Usiku taa za kiwanda zilionekana toka mbali, na moto juu ya mnara ulikuwa kama nyota ya kuwaongoza madereva wanaotoka bara.

Mwezi wa Septemba 2013 kazi ya kusafisha ilikoma. Mitambo ilikuwa imezeeka, na kuyaleta mafuta yaliyokwisha kusafishwa nchi nyingine kulikuwa rahisi zaidi. Ndiyo sababu ile ile iliyoyafunga mashimo ya Essen. Matangi yaliendelea kutumika kuwekea mafuta, na baadaye kiwanda kikawekwa chini ya kampuni ya taifa ya bomba la mafuta, lakini matangi hayahitaji mafundi wengi kama minara. Aliyekuwa fundi wa vali aliweza pengine kupata kazi Uarabuni; mama aliyekuwa akiwauzia mafundi mia chai na mahamri saa nne za asubuhi hakuwa na mahali pa kwenda. Hesabu za watu waliopoteza kazi hazimtaji kamwe mama huyo, kwa kuwa hakuwa katika daftari la mtu ye yote.

Mbele ni Miritini, mahali palipojengwa stesheni kuu ya reli mpya ya upana wa kimataifa. Reli hiyo ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, nayo huwapeleka abiria Nairobi kwa muda wa saa tano au sita. Hapana asiyefurahia jambo hilo. Lakini reli husafirisha mizigo pia, na tangu kontena zilipoingia Kilindini shehena imekuwa jambo la winchi na mtambo, si la mabega. Mwaka wa 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ya kontena iendayo Nairobi ichukuliwe yote kwa reli mpaka huko na kutolewa ushuru huko huko. Watu wa Mombasa waliandamana, wenye malori, makarani wa forodha na mafundi pamoja, na mwaka wa 2022 Serikali mpya ikairudisha kazi ya kutoa mizigo bandarini.

Ni rahisi kudhani kwamba ugomvi huo ulikuwa wa matajiri wenye malori. Msomaji ashuke Mariakani aone mwenyewe. Mariakani iko zaidi ya kilomita 30 kutoka kisiwani, katika barabara kuu ya bara, na hapo ipo mizani inayopima uzito wa malori. Iko pia kazi ya chuma: kiwanda cha mabati, yale mabati ambayo yameezeka nyumba nyingi za Kenya na nchi jirani. Lakini mji wenyewe umejengwa juu ya foleni. Lori likisimama, dereva hula, msaidizi wake hununua maji, gurudumu huzibwa, kitanda cha nyumba ya wageni hukodiwa. Vijana wa Kiduruma na Kigiriama waliokosa mvua mashambani wamejifunza kuishi kwa kusimama kwa lori. Gari la moshi la mizigo halisimami kula. Tuseme kweli pia kwamba malori yalikuwa yakisababisha ajali na msongamano mkubwa, na hapana mtu mwenye akili atakayetaka yaongezeke bila ya mpango. Ila mji ulio na riziki ya namna moja tu ni kama mtungi wenye ukuta mwembamba.

Tukiiacha barabara kuu pale Mazeras tukashika njia ya Rabai, hewa hubadilika, na minazi huanza. Hapo Krapf na Rebmann walijenga misheni yao mwaka wa 1846. Hapo pia zimo kaya, misitu mitakatifu ya Warabai, ambayo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda iliandikwa mwaka wa 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Tumesema kwamba mji wetu haukuwa na makaa ya mawe. Lakini jikoni mwake umekula mkaa wa miti tangu zamani, na mkaa huo ulikatwa Kwale, Kilifi na pande za Mariakani. Shimo la makaa la Mombasa, basi, ni pori. Mahali ambapo wazee wa kaya walikataza shoka, miti mirefu imebaki. Pasipokuwa na kaya, aghalabu kimebaki kichaka na udongo mwekundu unaochukuliwa na mvua. Rabai huupa mji nazi, makuti na tembo, navyo hurudi kila msimu. Mti uliochomwa haurudi kwa msimu mmoja wala kumi.

Jambo la kututia moyo liko upande wa pili, ng'ambo ya Nyali. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianzishwa mwaka wa 1951, na saruji yake ya kwanza ilitoka mwaka wa 1954. Saruji yataka chokaa, na pwani yetu imesimama juu ya mawe ya matumbawe ya kale, basi matumbawe hayo yakachimbwa. Baada ya miaka kama kumi na saba palikuwa na uwanda mweupe uliochongwa chini karibu kufika maji, usio na udongo, wenye joto la kuunguza nyayo, na maji yake yakiwa na chumvi. Mwaka wa 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, alianza kujaribu kuuotesha uwanda ule. Alijaribu miti ya aina 26, na ni aina tatu tu zilizostahimili, mojawapo ikiwa mvinje.

Hapa msomaji mkulima na asome polepole. Mvinje huota mahali pasipo na rutuba kwa sababu mizizi yake hukaa na vijidudu viwezavyo kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Lakini majani yake, yaliyo kama sindano, ni makavu na machungu, nayo yalianguka yakarundikana bila ya kuoza. Bila majani kuoza hakuna udongo. Ndipo walipoletwa jongoo, wale wakubwa wenye miguu myekundu ambao watoto wetu huwachokoza baada ya mvua. Jongoo hao waliyala majani ya mvinje, na kinyesi chao kikawa udongo mweusi. Mwaka baada ya mwaka udongo ukazidi unene, mbegu nyingine zikashika, ndege wakaja, mabwawa ya samaki yakachimbwa, na leo wageni hulipa kiingilio kuona msitu mahali palipokuwa jangwa. Kiboko mchanga aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004 alipelekwa huko, na urafiki wake na kobe mmoja mzee ulitangaa duniani. Habari ya kiboko ni ya kupendeza. Lakini mwandishi huyu angependa watoto wa shule waijue kwanza habari ya jongoo.

Kumbuka kwamba kazi hiyo ilianza wakati kiwanda kingali kikipata faida. Ni jambo lile lile la mfuko wa Essen. Deni lililipwa wakati mdaiwa yupo na ana fedha mkononi.

Tuliporuka kutoka Changamwe mpaka Miritini tulipita, kwa makusudi, kijiji kimoja bila ya kukitaja. Kiko Mikindani, upande wa Jomvu, nacho huitwa Owino Uhuru. Ni kijiji cha watu kama 3,000, nyumba za udongo na mabati zilizobanana. Mwaka wa 2007 kiwanda kilianza kazi ukutani mwa kijiji hicho, kazi yake kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Wanakijiji walipewa kazi, nao walifurahi. Kisha moshi ukaanza kuwachoma macho, kuku wakafa, watoto wakawa na homa na matumbo yasiyopona, wanawake wakaharibu mimba. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, alimpeleka mwanawe mchanga hospitali, na damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi aliyoinyonya katika maziwa ya mama. Bibi huyo aliacha kazi, akawaongoza jirani zake kulalamika. Alikamatwa, akatishwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na mwaka wa 2015 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira.

Kufungwa kwa kiwanda hakukuiondoa risasi. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi mjini Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 na ardhi yao isafishwe. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Basi miaka kumi ilipita tangu tanuri lilipozimwa mpaka neno la mwisho la mahakama, na katika miaka hiyo watoto waliokuwa wakitambaa wameingia shule. Hakuna mfuko uliowekwa mapema, wala mtaalamu aliyeanza kazi ya kusafisha tanuri lingali likiwaka.

Wako watu wengi katika miji yetu wanaoyeyusha betri nyuma ya nyumba kwa kutafuta riziki, kwa hiyo yafaa kueleza jinsi risasi inavyodhuru. Risasi haiozi kama majani, wala haiungui kama kuni. Ikiyeyushwa hutoa mvuke na vumbi laini lisiloonekana, ambalo hutua juu ya bati, juu ya udongo, juu ya nguo zilizoanikwa. Mvua ikinyesha, maji ya paa hulichukua mpaka pipani. Mtoto hucheza chini, hutia vidole kinywani, nayo huingia. Mwili wa mtoto hushika risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua, ikapunguza akili na usikivu wake, hata kama haonekani mgonjwa. Wataalamu hawajapata kiasi cho chote cha risasi katika damu ambacho chaweza kusemwa kuwa ni salama.

Kwa hiyo asivunje mtu betri nyumbani wala asimwage maji yake uani. Ampelekee mnunuzi ikiwa nzima. Afanyaye kazi hiyo kiwandani aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na nguo zake zifuliwe mbali na za watoto. Karibu na mahali pa kuyeyushia, sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, isifagiwe kavu, maana ufagio hulirusha vumbi hewani. Maji ya paa yasinywewe. Na watoto wanawe mikono kila kabla ya kula. Maziwa, dagaa, maharagwe na mboga za majani husaidia, kwa sababu mwili wenye chokaa na chuma cha kutosha hushika risasi kidogo zaidi. Na mzazi anayeshuku asingoje dalili, kwa kuwa huchelewa na hufanana na za malaria au minyoo. Amwombe mganga wa hospitali kwa neno lililo wazi kwamba anataka damu ya mtoto ipimwe risasi, amweleze na mahali anapokaa na kazi inayofanywa karibu na hapo.